Sen Arobaini na Nane za Biskuti

Jumanne, 20 Mei

Nimeipata! Kampuni ya biskuti ya Kinta Jaya. Ukiigawa faida yake ya mwaka jana kwa hisa zote, kila hisa imechuma sen arobaini na nane. Mwaka juzi sen tano tu! Na hisa yenyewe inauzwa ringiti mbili na sen arobaini. Yaani miaka mitano tu, imerudisha bei yake. Hesabu hii nimefundishwa na Kwai Fong, dada mkubwa wa mke wangu, mkaguzi wa hesabu mstaafu. Akivaa miwani, hata wakurugenzi hukaa wima. Alisema nisitazame bei peke yake, nitazame kila hisa inachuma nini. Akaanza kuongeza, "Lakini shemeji..." Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Nimenunua. Kwa hela za karamu ya harusi ya binti yetu, Pooi Yee. Meza thelathini, na hoteli inataka malipo Ijumaa ya wiki ijayo. Hakuna shida. Mkutano mkuu wa kampuni ni Jumanne ijayo. Bei itapanda, nitauza, nitalipa, na chenji itanunua samaki ambaye mji mzima wa Ipoh haujapata kumwona mezani. Mke wangu Sook Har hajui. Atanishukuru baadaye.

Alhamisi, 22 Mei

Mkahawani na Thurai, mkuu wa stesheni mstaafu na mpinzani wangu katika kila jambo. Ana hisa mia mia katika makampuni chungu nzima, si kwa faida, bali apate kwenda mikutanoni kupokea zawadi za mlangoni. Ana miavuli ya kufungulia duka. Kampuni huipima kwa uzito wa mfuko wa chakula! Nikamweleza pato kwa kila hisa, polepole, kama ninayemlisha mtoto uji. Akaniambia, "Wewe, Chee Keong, hilo pato lako haliliwi. Mwaka jana Kinta Jaya walitupa kuku wa mchuzi na makopo mawili ya biskuti. Tuone mwaka huu." Maskini. Elimu ni bahari, yeye amebaki ufukweni na mwavuli.

Jumanne, 27 Mei

Mkutano. Foleni mpaka barabarani. Zawadi ya mlangoni: pakiti moja ya biskuti, nusu zimevunjika. Thurai akaipima mkononi, akatoka nje kumpigia dalali wake auze. Nilicheka mpaka machozi.

Ndani, kumbe Kwai Fong naye yupo! Ana hisa chache, za kumpa haki ya kuuliza. Akasimama. Hakupandisha sauti. "Mheshimiwa mwenyekiti, katika hizi sen arobaini na nane, ngapi zimetoka kwenye biskuti?" Mwenyekiti akanywa maji. Akamgeukia mhasibu. Mhasibu naye akanywa maji. Mwishowe likatoka: sen nne. Zilizobaki ni za kiwanja cha kiwanda cha zamani, walichokiuza. Kiwanja hakiuzwi mara mbili. "Basi bei ya leo si faida ya miaka mitano," akasema Kwai Fong. "Ni ya miaka sitini. Wengi wetu humu tutakuwa tumeshazikwa."

Jamani, uzuri ulioje! Swali moja tu, na sherehe yote imebomoka. Sijawahi kujivunia ukoo wa mke wangu kiasi hiki. Nikasimama, nikapiga makofi peke yangu, kwa moyo wote. Nilikuwa bado napiga nilipokumbuka kwamba hisa zile ni karamu ya mwanangu.

Ijumaa, 30 Mei

Nimeuza kwa ringiti moja na nusu. Meza kumi na moja zimeyeyuka. Nilimwambia Sook Har mwenyewe, kiume, baada ya hoteli kumpigia simu. Hakunifokea. Heri angenifokea. Pooi Yee alilia kidogo, kisha akaniuliza kama nimekula. Hilo limeniuma kuliko yote.

Kwai Fong akaja na kalamu kupunguza wageni. Akakata wangu wote. "Shemeji, siku ile uliondoka sijamaliza. Nilitaka kukuambia uulize hilo pato limetoka wapi, na kama mwakani litarudi." Mwanamke huyu! Hata akikukata, anakata kwa mstari ulionyooka. Nimeapa mbele ya madhabahu ya mababu: sirudii tena.

Jumatatu, 16 Juni

Harusi juzi ilipendeza mno. Thurai hakualikwa. Alikuja, na mwavuli. Maharusi wako fungate Penang. Bahasha nyekundu za pesa walizotunzwa zimefungiwa kabatini, na Sook Har, kabla ya kwenda kwa dada yake, kaniachia mimi ufunguo. Kasema mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mume wake sasa ameshtuka vya kutosha.

Ni kweli, nimeshtuka. Asubuhi hii nimeona kampuni ya uchukuzi: pato kwa kila hisa sen tisini na moja! Sikukurupuka. Nimepiga simu ofisini kwao, nikauliza swali la Kwai Fong, kwa sauti ya Kwai Fong: je, mmeuza kiwanja? Binti wa mapokezi akanihakikishia kwamba hawajauza hata shubiri moja ya ardhi.

Wameuza malori tu. Yote! Hebu fikiria watakavyookoa kwenye dizeli. Nimeshafungua kabati.