Kulia kwa Mashine

Jumatatu, 3 Juni

Mashine ya kukatia nyasi imenigomea katikati ya uwanja wa shule. Injini inanguruma, mkanda unazunguka, magurudumu yametulia tuli utadhani yamenuna. Nikatia gia ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Chuma kikasagika huko nyuma, krrr! Nikashuka kwa heshima zote, kama mtu aliyekusudia kushukia hapohapo.

Nimeisukuma hadi stoo peke yangu. Makasi, mtunza maua wetu, aliniuliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia naipumzisha. Bwana huyu anakitamani kiti changu tangu mwaka juzi. Yeye anapunguza ua kwa mkasi, kwa miguu yake, juani. Mimi nakata nyasi nimekaa. Hicho ndicho kinachomuuma.

Nimefungua giaboksi ya nyuma, ile iliyoungana na ekseli ya magurudumu. Meno yote ya gia yamelika. Yamebaki kama ufizi wa bibi yangu. Hapo hakuna dawa, ni kuweka nyingine.

Mwalimu Mkuu akaniita ofisini. Jumamosi kuna mechi, wazazi wanakuja, nyasi zimefika kwenye vifundo vya miguu. Akataka tuite fundi. Nikacheka kidogo. Nikamwambia, fundi wa nini, mama, na mimi nipo? Akaniangalia juu ya miwani. Akasema sawa, ila uwanja usipokuwa tayari Jumamosi, ufunguo wa mashine atapewa Makasi.

Nimekubali papo hapo. Miaka tisa nimeuvaa ufunguo huo shingoni. Mke wangu husema nikiuvua naonekana kama niko uchi.

Jumanne, 4 Juni

Nimempigia simu muuza vipuri wa mjini. Nimemweleza kitaalamu kabisa. Akauliza swali moja tu: diski ya breki iko kulia au kushoto? Eti giaboksi hizi ziko za aina mbili, na tofauti yenyewe ni hiyo. Nikaenda nikasimama mbele ya mashine, tukatazamana uso kwa uso. Kulia! Nikajibu bila kusita. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia, ndugu yangu, hiki chombo nimekikalia miaka tisa.

Nimeishusha giaboksi ya zamani. Boliti moja iligoma, nikaipiga nyundo, ikakatika. Afadhali. Kazi ya kuifunga imepungua.

Makasi anapitapita dirishani na kuchungulia. Nimebandika karatasi mlangoni: HATARI! UMEME! Akauliza umeme umeingia lini, maana stoo haijawahi kuwa na taa. Nimemjibu kwamba mambo mengine ni ya idara.

Jumatano, 5 Juni

Giaboksi mpya imefika! Nzuri, nyeusi, inanukia rangi. Nikailaza karibu na ile ya zamani nilinganishe. Diski ya breki iko upande wa pili kabisa! Muuza vipuri amekosea. Watu wa siku hizi hawasikilizi.

Nikamsimulia mke wangu tukiwa mezani. Akauliza, kulia kwako au kulia kwa mashine? Nikamwambia kulia ni kulia. Akainuka, akasimama mbele yangu, akaniamuru ninyooshe mkono wa kulia. Na yeye akanyoosha wake. Mkono wangu ukaelekea dirishani, wake ukaelekea kabatini. Nikamwambia hiyo ni michezo ya chekechea. Akakusanya sahani. Akasema haya, kulia kwa mashine hukujui, lakini kulia kwa machozi utakujua.

Ana maneno huyu mwanamke.

Kuirudisha dukani na kungoja nyingine ni siku nne. Sina siku nne.

Alhamisi, 6 Juni

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Diski ikiwa upande usiofaa, si unaigeuza tu giaboksi! Ya nyuma iwe mbele, ya mbele iwe nyuma. Diski inahamia yenyewe upande wake, na puli ya mkanda inabaki juu palepale. Rahisi hivyo! Kumbe kiwanda kizima kinahangaika kutengeneza aina mbili bure. Nimefikiria kuwaandikia barua.

Imeingia! Matundu mawili yamekubali, mawili nimeyatoboa mwenyewe. Mkanda umekaa. Nimebakiwa na nati tatu na springi moja. Nimezitia mfukoni, ziwe akiba.

Ijumaa, 7 Juni

Siku ya majaribio. Nimemwalika Mwalimu Mkuu. Makasi amejialika. Wakasimama nje, mbele ya mlango wa stoo. Nikakaa, nikawapungia mkono, nikatia gia ya kwanza.

Nikawapotea. Mashine ilirudi ndani kinyumenyume hadi ukutani, rafu ikaanguka, kopo la chokaa likanimwagikia. Breki sikuigusa. Sikuona haja, ukuta ulitosha. Mwalimu Mkuu akauliza kutoka nje mbona inarudi nyuma. Nikajibu kwamba naipasha moto.

Walipoondoka nikajaribu gia zote. Gia tatu za kwenda mbele zote zinarudi nyuma. Gia ya kurudi nyuma ndiyo inayokwenda mbele, kwa mwendo wa bibi harusi. Kwa mwendo huo uwanja utaisha Jumatano ijayo.

Nasema kweli, hapo niliogopa. Nilikaa juu ya ndoo na ufunguo mkononi, nikaona miaka tisa yote inaniponyoka. Nikaamua kwenda kukiri. Nilifika hadi mlango wa ofisi. Makasi alikuwa ndani, na nikamsikia akiuliza kama ataruhusiwa kuja na mto wake mwenyewe wa kukalia.

Mto!

Nikageuka pale pale. Nani kasema nyasi lazima zikatwe kwenda mbele? Nyasi hazijui. Nimeng'oa kioo cha bafuni na kukifunga kwenye usukani kwa waya. Mke wangu ameuliza atajitazamia wapi. Nimemwambia ni kwa siku moja tu, na yeye ni mzuri hata bila kioo. Amenuna, lakini si sana.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika kwa ufupi, shingo inauma.

Nilianza alfajiri. Kinyumenyume, kioo mbele yangu, mstari baada ya mstari. Umenyooka! Wazazi wakaanza kufika, wakasimama kutazama. Mmoja akapiga makofi. Hata Makasi aliacha mdomo wazi. Saa tatu nikabakiza mstari mmoja tu, ule wa pembeni, kando ya maua ya Makasi aliyoyatunza miezi mitatu kwa ajili ya wageni.

Kwenye kioo niliyaona maua upande wa kulia. Mtu mwingine angeamini. Mimi nikakumbuka kwamba kioo hugeuza mambo. Kwa hiyo maua yako kushoto. Nikakata usukani kulia.

Maua yalikuwa kulia.

Nikakanyaga breki. Hapo ndipo nilipojua ile springi ya mfukoni ilikuwa ya kazi gani. Nikapita katikati ya maua yote, mwanzo hadi mwisho, petali zikiruka, kisha nikaingia golini kinyumenyume na kunaswa na wavu, mimi na mashine na kioo. Watoto wakashangilia, goooli! Iliwachukua dakika arobaini kunitoa.

Mwalimu Mkuu akanijia. Alinyoosha kiganja tu. Nikauvua ufunguo. Makasi wala hakufurahi, alikuwa amepiga magoti anaokota maua yake, na hilo liliniuma kuliko ufunguo.

Jioni nililia. Mke wangu alinifuta uso kwa leso, akanikanda shingo. Hakutaja kulia kwa aina yoyote. Sijui nilimpata wapi.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekabidhiwa mkasi wa Makasi. Kazi ya ua si mbaya, mtu unapata upepo. Fundi alikuja akaibadilisha giaboksi kwa ile ya aina nyingine, akamaliza kabla ya saa nne. Kubahatisha tu. Makasi sasa anapita mbele yangu, kwenda mbele, juu ya mto. Mto wenyewe una maua.

Lakini nimepata upenyo! Kitasa cha mlango wa ofisi ya Mwalimu Mkuu kimevunjika. Nimemsikia akisema ataita seremala. Nikikifunga mimi, kimyakimya, kabla seremala hajaja, ataona mwenyewe kwamba ufunguo wangu umekaa shingo isiyo yake. Nikasubiri atoke, nikaingia ofisini, nikausindika mlango, nikampigia yule yule muuza vipuri. Nimemsamehe kosa lake, sina kinyongo.

Akasema vitasa anavyo, viko vya aina mbili. Akauliza mlango unafungukia upande gani.

Nikautazama kwa makini, nikiwa ndani.

Kulia! Nikajibu bila kusita.