Jinsi Dativa Alivyoiteremsha Asali Iliyoganda

Tegeni masikio, enyi watu wa bonde la Kilombero, mnaolima mpunga na kuvua kambale. Na ninyi mnaopita na baiskeli zenu kuelekea Kivukoni, shusheni mguu mmoja chini. Nawasimulia habari za Dativa binti Remigius, simba jike wa Ifakara, na jinsi alivyoitoa asali ndani ya chupa.

Mumewe, Evod, alikuwa ngurumo ya kwaya ya parokia. Alipoimba sauti ya nne, vioo vya madirisha viliitikia na watoto wachanga walisahau kulia. Lakini katika juma la jubilei ya parokia, baada ya kushinda kutwa akipaza sauti juu ya mashine ya kukoboa mpunga, vumbi la pumba lilimvamia kooni likaiteka sauti yake. Tangu Jumatano, ngurumo ile ikawa mkwaruzo wa panya ndani ya gunia. Na Jumapili ndiyo siku aliyopangiwa kuimba peke yake mbele ya askofu!

Nisiwafiche, wasikilizaji: nyumba ilipata amani. Kwa miaka kumi na sita Evod alikuwa akimwelekeza mkewe namna ya kupepeta mchele, kufagia ua, hata kupiga chafya. Sasa alinyoosha vidole tu, na Dativa alikuwa na hiari ya kutovitazama. Kabatini ilisimama chupa ya asali mbichi, dawa ya koo aliyoiamini tangu enzi za mama yake. Lakini mkono wake ukawa mzito ajabu kuifikia.

Hata Jumamosi, jua likiwa utosini, akaingia Fridolin, mwimbaji wa pili wa sauti ya nne, uso wake una huzuni, miguu yake ina furaha.

“Shemeji Dativa,” alisema, “nimekuja kumpa pole shujaa aliyeanguka. Asihofu. Wimbo wake nitaubeba mimi, na suti nimekwisha kuipiga pasi.”

Evod akafumba macho. Chozi moja likamtoka, likakimbilia masharubuni kujificha. Dativa akaliona, na moyo ukamchoma.

“Shemeji,” alisema, akijifunga kanga kiunoni kama afungaye mkanda wa vita, “suti hiyo kaitundike.”

Akaitwaa chupa, akaipindua juu ya kijiko. Ole! Asali ilikuwa imeganda, nyeupe, ngumu, imejifungia nyuma ya shingo nyembamba ya chupa kama jeshi ndani ya ngome. Akaitikisa. Akaipiga kitako kwa kiganja. Haikushuka hata punje.

“Sukari hiyo,” akatangaza Fridolin. “Asali halisi haigandi.”

“Asali halisi ndiyo igandayo! Nimeinunua kwa mzee Sebastiani, na masega nimeyaona kwa macho yangu.”

“Basi ibandike jikoni, ichemke.”

“Nichemshe asali mbichi? Niiue dawa, kisha nimlishe mgonjwa maiti yake? Ondoka jikoni kwangu!”

Ndipo akapanga vita. Alimimina maji ya uvuguvugu katika sufuria, akayapima kwa kiwiko kama amwogeshaye mtoto, akaisimamisha chupa katikati, akaiweka sufuria uani, juani. Akaketi juu ya kigoda kuilinda. Sisimizi wakaja kwa vikosi vitatu. Akawazuia kwa mstari wa majivu. Nyuki mmoja, pengine mwenye mali, alizunguka mara saba akidai haki yake. Akampisha kwa heshima. Maji yalipopoa, aliyabadilisha. Fridolin alisimama kivulini akisafisha koo, akiujaribu wimbo wa mwenzake.

Saa tisa na robo, kando ya kioo, weupe ukaanza kuwa dhahabu. Dativa akaiinamisha chupa. Asali ikachungulia shingoni, ikasita, ikajivuta kama mzee ateremkaye kwenye basi la Kidatu. Kisha ikadondoka, ikajaza kijiko.

“Fungua kinywa, Baba Agnella.”

Evod akameza. Cha pili, akameza. Cha tatu akakinywa na maji ya uvuguvugu yenye limau, akatulia. Ua ukanyamaza, hata kuku. Akavuta pumzi, na ikatoka noti moja, nene, ndefu, yenye ukungu kidogo pembeni, lakini noti! Bati la jirani likatetemeka. Bibi Sikitu akapiga vigelegele ng’ambo ya ukuta bila kuuliza sababu.

“Mama Agnella,” alisema Evod, “umenipigania. Ila sufuria ungeiweka upande ule, kwenye jua la—”

Kabla hajamaliza, mkewe akamjaza kijiko cha nne kinywani.

Fridolin akavitazama viatu vyake. “Shemeji,” alisema kwa unyonge, “nami koo linaniwasha kidogo.”

Naye akapewa kijiko, maana washindi wakuu ni wakarimu.

Kesho yake Evod aliimba mpaka mwisho, na kanisa zima likampigia makofi yeye. Lakini ninyi mnaotunza tarehe za ushindi, msiandike Jumapili. Andikeni Jumamosi, saa tisa na robo alasiri, uani kwa Dativa: ndipo asali ilipotii.