Barua kwa Wateja Walionisahau

Jumanne, tarehe 18 Mei 2021

Leo nimepata utajiri ndani ya kabati la biro, ofisini kwetu. Daftari la mwaka 2019, la ule mkutano wa hotelini ambapo kampuni yetu ya asiransi, yaani bima, iliwapa watu soda na sambusa, nao wakaandika majina, simu na imeli. Majina 214. Wote walisema wataenda kufikiri. Miaka miwili wamefikiri ya kutosha.

Limekuja kwa wakati wake. Asubuhi Direkta Cyprien alituita, mimi na Guylain. Akatuambia kwa upole sana kwamba tawi la Goma haliwezi kubeba mawakala wawili. Mwisho wa mwezi atabaki mmoja, yule atakayeleta saini nyingi. Guylain akatabasamu. Guylain ana kiti cha ofisi chenye magurudumu. Changu kina miguu mitatu na tofali. Lakini mimi nina daftari. Sijamwambia.

Rosine, mke wangu, anafundisha darasa la tano. Nilipomweleza aliuliza: watu 214 waliokimbia asiransi wakati nina soda, watarudi sasa nikiwa sina? Hajui biashara.

Jumatano, tarehe 19 Mei

Nimeandika barua moja ya kuwatosha wote. "Mpendwa mteja, kufuatia mazungumzo yetu ya juzi..." Juzi ni neno pana. Anwani zote 214 nimezipanga pale juu, ili kila mmoja aone hayuko peke yake. Watu wanapenda kuwa wengi. Saa nne nikatuma. Moyo ulikuwa unapiga kama ngoma ya kwaya.

Saa tano, jibu la kwanza. Mutu anauliza mimi ni nani. Swali lake likawafikia wote 214. Wa pili akamjibu kwamba hata yeye hanijui. Wa tatu akawaomba wote wamwondoe. Hadi saa nane, majibu tisini. Halafu Mama Nyirakamana, mfanyabiashara wa maharage, akawaandikia wote kwamba lori lake limefika kutoka Kalengera bila kukamatwa na waasi wala kupunguziwa mzigo na askari, na maharage yako soko la Birere, anayetaka aseme. Kumi na saba wameagiza.

Sijawahi kuona barua ya asiransi ikifanya kazi namna hii. Bahati mbaya inauza maharage.

Aliyeagiza wa kumi na nane ni Guylain. Kumbe jina lake limo daftarini! Alikuja ule mkutano kama mgeni, kabla hajaajiriwa, akala sambusa. Sasa ana anwani zote, na nimemtumia mimi mwenyewe.

Ijumaa, tarehe 21 Mei

Guylain ana saini mbili. Amewaandikia watu wangu mmoja mmoja, kwa heshima, akiwaomba radhi kwa usumbufu wa mwenzake. Direkta amemsifu mbele yangu.

Sanduku langu limejaa barua mia tatu na kitu. Karibu zote zinazungumzia maharage. Nimeacha kuzisoma.

Nimewaza usiku na mchana na nimeona kosa langu. Ni upole. Mutu hanunui asiransi kwa kupendwa, ananunua kwa kuogopa. Na sisi wa Goma hatujawahi kupungukiwa na vya kuogopa.

Jumamosi, tarehe 22 Mei

Saa kumi alasiri nimetuma barua ya pili, safari hii kila mutu peke yake. Kichwa cha habari: "Je, mlima ukilipuka leo jioni?" Ndani nimeeleza jinsi moto wa volkano ulivyoshuka mwaka 2002, ukapita katikati ya mji hadi ziwani. Nimemaliza hivi: "Ninyi mnalala. Mlima haulali." Nilijisomea kwa sauti, nikaogopa mwenyewe. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Rosine alisema leo ni Jumamosi, ningewaacha watu wapumzike.

Saa moja na nusu. Mbingu nyekundu. Naandika nimesimama. Rosine anafunga godoro kwa kamba. Mlima umelipuka.

Jumapili, tarehe 23 Mei

Tuko wazima. Tulitembea na mtaa wetu wote wa Mabanga hadi Mugunga, Rosine na godoro kichwani, mimi na daftari. Asubuhi tukarudi. Moto umesimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Nyumba yetu ipo. Za wengine hazipo, na kuna waliokufa. Nilikaa mlangoni, chai ikapoa.

Kisha nikawasha simu. Majibu 58, na hakuna hata moja la maharage!

Ishirini na sita wanataka asiransi. Wote wanataka iandikwe tarehe ya Ijumaa. Watatu wananiita mchawi. Pasta mmoja ananialika nihubiri. Mama mmoja anauliza kwa adabu: mlipuko unaofuata nimeupanga siku gani, maana ana harusi ya binti yake.

Nikampigia Direkta, nikamwambia tuna saini ishirini na sita kama tukirudisha kalenda nyuma siku mbili. Akasema hilo lina jina lake katika sheria, na jina hilo si asiransi.

Jumatatu, tarehe 24 Mei

Ardhi inatetemeka kila saa. Kuta za biro zina nyufa, na tofali la kiti changu limepasuka.

Saa tatu nikaitwa ofisi ya usalama. Afisa mwenye miwani aliweka barua yangu mezani, imechapwa kwenye karatasi. Akauliza niliijuaje saa. Nikamwambia sikujua, mimi ni muuzaji. Akauliza nilikuwa na nani mlimani. Nikamwambia sijawahi kupanda mlima, nina magoti mabaya. Maswali yalikwenda hadi saa sita. Kwa kuwa nilimwona amechoka, nikamuuliza kama familia yake ina ulinzi wowote yeye asipokuwepo. Akavua miwani.

"Mimi ni namba themanini na nane katika lile daftari lenu," akasema. "Tangu Jumatano naomba muniondoe. Muniondoe."

Nikamwahidi. Nikaachiliwa. Njiani nimemwandika upya, kwenye ukurasa wa watu wenye hisia kali. Mutu anayekumbuka namba yake ni mutu anayetujali.

Jumanne, tarehe 25 Mei

Siku mbaya. Naandika kwa sababu nimejiahidi kuandika yote.

Nilikuwa nasafisha sanduku la barua. Katikati ya maharage nikakuta barua ya Alhamisi, tarehe 20, ya Muzee Harelimana, mwalimu mustaafu, mkaaji wa Buhene. Aliandika: "Mwanangu Evariste, nyumba yangu ya kwanza ilichukuliwa na mlima 2002. Ng'ombe wangu walichukuliwa na waasi 2012. Hii ya sasa nataka iandikwe mahali. Njoo Jumamosi asubuhi, nitatia saini."

Jumamosi asubuhi nilikuwa nyumbani, natafuta maneno ya kutisha watu.

Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, nikaenda Buhene. Mwamba mweusi, bado unatoa moshi, umekaa juu ya njia kama vile haijawahi kuwa njia. Muzee alikuwa amesimama pembeni na kofia yake mkononi, anaonyesha majirani mahali palipokuwa jikoni. Nikajitambulisha. Nikamwambia barua yake sikuiona. Sikutafuta neno pana.

"Ningetia saini Jumamosi," akauliza, "mungenilipa?"

Nikasema nitaangalia.

Nimerudi biro nimeangalia. Miaka sita nauza mkataba huu, ukurasa wa tisa sikuwahi kuusoma. Hatulipi volkano. Hatulipi tetemeko. Hatulipi vita, uasi wala ghasia. Kinachobaki ni wizi na moto wa jiko.

Nikarudi Buhene, nikamsomea muzee ukurasa wote. Alicheka, akacheka mpaka akakohoa. Akasema basi sikumkosea chochote, nikalale. Sijui kwa nini maneno hayo yameniuma kuliko kama angenitukana.

Alhamisi, tarehe 27 Mei

Redio asubuhi: mitaa kumi ihame mara moja, moto unaweza kuwa chini ya mji wenyewe. Mabanga imo. Godoro tena.

Barabara ya Sake imejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Mbuzi, mashine za kushonea, wagonjwa juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, akina mama na watoto wawili wawili mgongoni na kifuani. Mbele ya Mugunga nikamwona Muzee Harelimana peke yake, na mfuko mmoja. Rosine hakuniuliza. Alichukua ule mfuko, akauweka juu ya godoro, akamwambia: muzee, twende wote. Yeye ndiye anayejua la kufanya wakati mimi bado natafuta kichwa cha habari.

Nimemwona Guylain pia. Amekaa ndani ya lori la Mama Nyirakamana, juu ya magunia. Alinipungia mkono.

Jumamosi, tarehe 29 Mei

Sake. Tunalala darasani, watu arobaini. Maji ni shida, na watu wanaogopa kipindupindu. Rosine ameanza kuwafundisha watoto kuhesabu kwa vifuniko vya chupa.

Asubuhi muzee aliniambia binti yake Igihozo anafanya kazi Bukavu, na simu yake, ya muzee, ilibaki nyumbani, maana yake chini ya mwamba. Namba haijui kichwani. Lakini imeli anaijua, alimfungulia mwenyewe akiwa mwanafunzi. Akaniomba nimwandikie. Nikamuuliza niandike nini. Akasema: ukweli.

Nikaandika: "Igihozo, baba yako ni mzima. Nyumba haipo. Yuko Sake pamoja nasi, amekula viazi leo, anasema usilie. Mimi ni Evariste."

Jibu lilikuja baada ya dakika nne. Dakika nne! Lilikuwa na neno moja, "Papa," mara sita, na namba ya simu. Walizungumza kwa simu yangu hadi chaji ikakatika. Nilitoka nje ili wasinione uso.

Niliporudi, mama mmoja wa pembeni akauliza: ni weye unaandikia watu? Ana kaka Butembo. Halafu mwingine, ana mume Kisangani. Nimeandika mpaka jioni, kwa zamu, muzee akinisomea majina na mutu mmoja akikimbia na simu kwenye nyumba ya padri kuchaji. Barua 63. Majibu 51 yamekwisha kufika. Watu wamelia, wamecheka, mmoja amegundua amekuwa babu. Sijawahi kuwa na siku kama hii katika kazi yangu. Wala haikuwa kazi yangu.

Jumatatu, tarehe 7 Juni

Tumerudi. Mji upo, umechoka, lakini sokoni Kituku leo waliuza samaki.

Biro, Direkta Cyprien aliniomba nikae. Nikakaa, kiti kikaanguka. Akangoja niinuke. Akasema barua ya mlima imefika hadi Kinshasa, na kule hawakuipenda. Guylain anabaki. Ana saini tano, mbili alizipata ndani ya lori. Nilimpa Guylain mkono. Akaniambia kwa kweli kwamba asiransi hawezi kuipenda kama mimi, na anafikiria kuingia kwenye maharage.

Nyumbani Rosine alisikiliza yote. Akasema shule inatafuta mutu wa kuandika barua za wazazi, na kwamba aliyeandika zile za Sake angeipata kazi hiyo hata kesho. Nikasema nitafikiri.

Muzee Harelimana anakaa nasi sebuleni hadi Igihozo aje kumchukua. Jioni alikuja kukaa karibu yangu, akavua kofia.

"Evariste," akasema, "nimesoma barua zako zote, za mbele na za nyuma. Ukiwa unamutaka mutu kitu, unaandika kama mwizi anayegonga mlango. Ukiwa hutaki kitu, unaandika vizuri sana. Ufikiri juu ya hilo."

Jumanne, tarehe 8 Juni

Nimefikiri. Sikulala kwa kufikiri. Huyu muzee ni mwalimu kweli, miaka sita hakuna aliyewahi kunionyesha hivyo.

Kwa hiyo asubuhi hii, kabla Rosine hajaamka, nimechukua anwani zote 63 za Sake. Naanzisha asiransi yangu mwenyewe, ya kujitegemea, jina nitalitafuta baadaye. Nimewaandikia kila mmoja peke yake, kwa roho safi. Mstari wa kwanza unasema:

"Ndugu yangu mpendwa, mimi sitaki kitu kwako."

Mkataba wa kurasa kumi na mbili nimeuambatisha chini.