Mikono Miwili ya Kushoto

Jumatatu, 12 Mei

Nimemaliza kuchonga mikono ya kiti changu cha mtihani. Mizuri ajabu. Juu imeviringana, ina kibonde kidogo cha kupumzishia kiwiko, na kila mmoja umepinda taratibu kuelekea nje. Nimeipanga mezani niitazame. Nimeitazama mpaka nikakaa chini. Yote miwili ni ya kushoto.

Nimejaribu kuugeuza mmoja. Kibonde kikatazama sakafu, matundu ya kuungia yakatazama dari. Na mbao ya mwaloni niliyogawiwa imekwisha.

Huu ni mwaka wa tatu na wa mwisho wa shahada ya useremala wa fanicha hapa Kopenhagen, na karakana yetu ina sheria moja tu: aliyeharibu mbao huleta keki Ijumaa na kusimulia kosa lake mbele ya wote. Mwalimu wetu Gunhild anasema si adhabu, ni ili kosa lisirudiwe. Nimeleta keki Ijumaa tatu mfululizo. Mama wa duka la mikate ameniuliza harusi ni lini. Asger wa meza ya jirani, mwenye patasi kali na nywele zilizolala, hajaleta keki tangu tuanze chuo. Leo kaniuliza, kwa upole kabisa, kama wiki hii ni ya chokoleti au ya nazi.

Nikifeli, narudi kwetu Skive kuuza mapazia dukani kwa baba. Keshanitengea kaunta. Nimefikiri, nimeamua: sina kosa. Nina ubunifu.

Jumanne, 13 Mei

Nimekiunga kiti kwa gundi saa ya chakula, wenzangu wakiwa kwenye mkate mweusi na samaki wa siki. Mkono wa kushoto umepinda nje, kama inavyotakiwa. Wa kulia umepinda ndani, kwenye mbavu za mkaaji. Nilikuwa nakaza klampu ya mwisho ya kubana viungo, Asger akarudi kuchukua haradali yake. Nikatupa blanketi juu ya kiti! Akauliza kina nini. Nikasema kinapumzika. Akasema, "Pole yake. Basi mpe na chai." Kisha akaenda na haradali yake. Simpendi.

Alhamisi, 15 Mei

Nimekikalia. Ule mkono wa kulia unakusukuma ubavuni, polepole, mpaka unageukia kushoto upende usipende. Nimetazama pipa la maranda kwa muda mrefu. Ndipo wazo likaja! Kiti cha Mazungumzo. Ukikaa tu, unamgeukia jirani. Nimeandika ukurasa mzima kuhusu upweke wa nyumba zetu wakati wa baridi. Nimelia kidogo nilipousoma.

Mchana Asger kakikalia bila kuomba ruhusa, akitafuta kosa. Kushoto kwake ni meza ya Signe, anayesuka viti kwa kamba ya karatasi. Miaka mitatu Asger hajamwambia Signe neno zaidi ya habari za asubuhi. Kiti kikamgeuza. Akawa mwekundu mpaka shingoni. Signe akamuuliza, "Haya, umekuja kuangalia kazi au kuniangalia mimi?" Asger akasema kazi. Halafu akasema hapana. Hakuinuka mpaka wakati wa kufagia.

Nilitaka kukasirika. Nimeshindwa.

Ijumaa, 16 Mei

Asger kaleta keki! Droo ya kabati lake la mtihani ameikata fupi, ukiisukuma inapotelea ndani. Kasimama na kusimulia, masikio yakiwaka, na alipofika pale pa kueleza alikuwa anatazama nini badala ya msumeno, Signe akajifanya anatafuta uma. Nimekula vipande vitatu, cha nne nimekifunga kwenye karatasi. Siku tamu kuliko zote za chuo.

Jumatatu, 19 Mei

Nimekiosha kiti kwa maji ya sabuni, ndiyo vanishi ya hapa, nikapiga msasa, nikakiosha tena, mpaka mbao imekuwa nyeupe na laini kama shavu la mtoto. Gunhild akapita. Akakitazama kiti, akanitazama mimi, akauliza kama kuna jambo ningependa kumwambia. Nikamwambia hali ya hewa imekuwa nzuri. Akakubali kwamba imekuwa nzuri.

Jioni baba kapiga simu. Kaunta imepakwa rangi.

Jumatano, 21 Mei

Mtihani. Mtahini wa nje anaitwa Merete, fundi mwenye viganja vipana na maneno machache. Kila kiti anakikalia, kisha anakipindua miguu juu, maana hapa kwetu kiti husomwa tumboni. Alipokaa kwenye changu, kikamgeuza upande wa Gunhild. Wakaanza na hali ya hewa, wakahamia bustani, wakafika kwa wajukuu. Nikaanza kuwaza hotuba yangu ya shukrani.

Halafu akakipindua. Akapitisha kiganja chini ya mkono mmoja, kisha wa pili, kisha akarudia akiwa amefumba macho. Akauliza, bila haraka, ndugu yake wa kulia yuko wapi. Niliyaona mapazia yote ya Skive. Nikasoma ukurasa wangu wa upweke. Akausikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kijana, wewe ni mwongo. Lakini viungo vyako vimebana hata ukucha haupiti."

Nimefaulu! Nimefaulu, nimefaulu. Merete kasema mazungumzo yanataka watu wawili, kwa hiyo nitengeneze kiti cha pili kwa maonyesho ya Juni, kinachogeukia kulia, ili viwili vikikaa pamoja vitazamane. Gunhild kaongeza kwamba mbao atanipa, na keki ni Ijumaa, kubwa, yenye vibendera vya sherehe. Na kosa nilisimulie mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ijumaa, 23 Mei

Keki ya nazi. Nimesimama nikasema kwamba kosa lilitokea. Gunhild akauliza, lilitokea lenyewe? Nikasema karibu lenyewe. Karakana nzima ikacheka, na Asger kanipigapiga mgongoni kama ndugu. Si mtu mbaya sana, haradali yake ikiwa mbali.

Baba kampa binamu yangu kaunta. Kapiga simu kunieleza kwa fahari, nami nikaitikia kwa fahari. Mama wa duka la mikate kanipongeza kwa harusi. Nimemshukuru.

Jumanne, 27 Mei

Kiti cha pili. Safari hii sikubahatisha kitu. Nimefungua mkono mmoja wa kiti cha mfano nilichokitengeneza kabla ya kile cha mtihani, ule mzuri, nikaulaza juu ya mbao mpya, nikaufuatisha kwa penseli kwa uangalifu mkubwa. Mara mbili. Nimechonga siku nzima nikipiga mluzi. Mikono mizuri kuliko ile ya kwanza. Mbao imekwisha. Nimeipanga mezani niitazame.

Nimekaa chini.

Ule wa mfano nao ulikuwa wa kushoto. Sasa ina maana viti vyote viwili vinageukia kushoto. Ukivipanga pamoja, mmoja atakuwa anaongea na kisogo cha mwenzake. Halafu wazo likaja, zuri kuliko la kwanza! Viti vya Waliooana Zamani. Nimeshaandika nusu ukurasa, tena una uchungu wa kweli. Gunhild hana haja ya kusumbuliwa na jambo hili.

Asger kapita na Signe, wameshikana mikono. Kaona blanketi juu ya meza yangu, kauliza kuna nini. Nimemwambia mbao zinapumzika. Kamwambia Signe atafute sahani za Ijumaa.