Miguu ya Dewey Yafaulu Mtihani

Jumatatu, 4 Machi
Bili nyingine ya dawa! Dawa ya kisukari ya mume wangu Dewey ni bure. Serikali yenyewe imekiri kisukari alikipata vitani Vietnam, kwa ile sumu waliyomwagiwa porini. Lakini dawa ya miguu, tulipe! Nikapiga simu kliniki ya askari wa zamani. Bibi wa huko akasema miguu haijathibitishwa kuwa ni ya vita, daktari ataipima Ijumaa. Nikamuuliza, kwani Dewey alikwenda vitani akaiacha miguu nyumbani? Akaniwekea muziki.

Mzee sasa anameza kidonge leo, kesho anaruka. Anadhani sioni. Juzi kaegemeza mguu kwenye hita mpaka soksi ikanuka moshi. Hakujua!

Jumanne, 5 Machi
Jirani Arvella kaja na uso wake wa kushiba. Mumewe, naye askari wa zamani, halipi hata senti. Eti, shoga, Ijumaa mwacheni daktari apime tu, akiona miguu imekufa ganzi kwa sukari, bili zimekwisha. Semeni ukweli. Ukweli! Angekuwa na akili huyo asingepaka nywele rangi ile.

Jumatano, 6 Machi
Nimemfundisha Dewey kuumwa. Nikimgusa unyayo kwa sindano ya kufumia, apige ukelele. Akalalamika, mama watoto, mbona sisikii kitu? Nikamwambia hakuulizwa anasikia nini, kaambiwa apige kelele. Kufika saa ya kula maharage na mkate wa mahindi alikuwa analia vizuri sana. Mbwa kakimbilia uvunguni.

Ijumaa, 8 Machi
Kliniki. Daktari akamwambia Dewey afumbe macho, aseme kila akiguswa. Akatoa uzi wa plastiki, kama wa kuvulia samaki. Afumbe macho! Hilo sikulifanyia mazoezi. Lakini mimi si mtu wa kushindwa. Uzi ukigusa, nakohoa. Nikikohoa, Dewey anapiga yowe. Daktari akaniletea maji, nikayakataa.

Mwisho daktari akampa Dewey mkono. Hongera, mzee, miguu yako inasikia kila kitu, kama ya mtoto! Akaandika hivyo hivyo. Kumbe asiyesikia ndiye mgonjwa! Nani alitunga mtihani wa kipumbavu namna hii? Bili zinabaki.

 Nyumbani Dewey akavua kiatu. Ndani mna msumari, soksi imelowa damu. Ametembea nao tangu asubuhi. Nikamfunga kitambaa, kisha nikamkagulia viatu vyote. 

Jumatatu, 11 Machi
Kliniki wamepiga simu. Wiki ijayo watampima macho, maana sukari ikiharibu macho, dawa za macho nazo huwa bure. Dewey kaniomba, kwa adabu zote, safari hii nibaki garini. Nibaki garini, mimi! Nani atamsimamia?

Nimeshakwenda duka la miwani, nimenakili herufi zote za kupimia macho zilizoko ukutani. Tangu mchana namkaririsha, hadi ule mstari wa chini kabisa wa vijiherufi kama sisimizi. Wataona mimi si mtu wa kuchezewa. Hatakosea hata moja.