Kaa, Paa, Paka

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeponzeka. Nilikuja kwa shangazi nikidhani likizo ni kulala, kula, kisha kulala tena. Kumbe nilikuwa nasubiriwa! Shangazi ana shule ya chekechea humu humu nyumbani, sebule nzima imejaa viti vifupi, na Jumamosi ni siku ya wazazi. Anataka mtu wa kushika kipaza sauti. Awakaribishe wazazi, amtambulishe mgeni rasmi, achekeshe kidogo. Akaniangalia mimi! Akasema si nimesoma kwa lugha mbili, basi nitaongea vizuri.

Laiti angejua. Hizo lugha mbili zimenipa njia mbili za kuona haya, basi. Darasani nikiitwa jina tu, ulimi unaganda, masikio yanawaka moto, na jibu ninalolijua kabisa linanitoka siku ya pili nikiwa naoga.

Nikauliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia, kama hakuna kazi nyingine. Akasema ipo. Meza ya gemu. Amenunua tableti kwa ajili ya watoto, anataka mtu achague gemu nyepesi za wale wadogo kabisa, kisha Jumamosi akae nayo kwenye kona, nyuma ya pazia, awaoneshe wazazi watakaopita. Kona! Pazia! Nimezaliwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Tatizo ni binamu yangu. Mtoto wa shangazi, rika langu, tunamwita Injinia tangu siku alipoifungua redio ya baba yake. Ilifunguka vizuri sana. Haijafungika mpaka leo. Naye anaitaka meza, kwa sababu mwenye meza atabaki na tableti likizo yote. Shangazi akaamua: atakayeleta gemu bora atapata meza, atakayeshindwa atashika kipaza sauti. Atatangaza Ijumaa.

Injinia ana tamaa. Mimi nina woga. Tuone kipi kina mbio.

Jumanne, 5 Agosti

Ameanza yeye. Gemu ya magari! Milipuko, king'ora, muziki wa kupasua kichwa. Akampa Mheshimiwa. (Mheshimiwa ana miaka miwili. Anatembea tumbo mbele, mikono nyuma, na kila mara anakwenda kukagua choo kama vile alikijenga yeye.) Mheshimiwa akaliangalia gari kwa makini, akalilamba. Gari likagonga ukuta. Yakatokea maandishi mekundu kwamba umeshindwa. Mtoto hajui kusoma, lakini aliyaelewa! Alilia mpaka mpishi akaja mbio na mwiko. Wenzake hawakujua kuna nini, ila nao wakalia, kwa mshikamano.

Mimi nilikuwa pembeni nikicheka kwa ndani. Na nimegundua mambo. Mtoto wa umri ule hataki kushindwa, maana hajawahi kusikia kwamba kitu kama hicho kipo. Hataki maandishi. Hataki vitufe vidogo, anabonyeza kwa kiganja kizima, akichoka anatumia goti. Na matangazo ni balaa. Gemu yangu ya kwanza, ya kupanga maumbo, ilileta tangazo katikati, na Mama Mkwe nusura aagize friji. (Mama Mkwe ana miaka minne. Hakuna kinachompendeza. Leo ameniambia nywele zangu zinahitaji kuombewa.)

Jioni nikaipata! Kadi za wanyama. Picha moja kubwa, hakuna kushindwa, hakuna matangazo. Ukimgusa mnyama anatikisika, na sauti inamtaja jina. Sauti yenyewe ni ya Kiingereza, ya mwanamke anayeongea kama ana mafua, lakini unaweza kuifuta ukaweka yako. Yako! Kwa Kiswahili! Shangazi atalia kwa furaha.

Kuna kikwazo kidogo. Itabidi niongee.

Jumatano, 6 Agosti

Nimerekodi ndani ya kabati la nguo. Mlango nimefunga, koti la shangazi nimejifunika kichwani. Shangazi alinishauri niseme sentensi nzima: huyu ni kaa, anaishi ufukweni, anatembea upande upande. Sentensi! Mbele ya makoti yote yale! Nikaona neno moja moja linatosha.

Picha ya kaa. Nikanong'ona, kaa. Haikusikika. Nikarudia. Patupu. Nilipojaribu tena kitu kikanitambaa shingoni. Mende! KAA! Ikanitoka sauti ambayo sikujua imo mwilini mwangu. Sauti ya mwalimu mkuu mwenye jino bovu. Mende akatoroka. Nikaona nguvu nimeipata, nisiipoteze, nikawamalizia wanyama wengine kwa ukali ule ule: paa, paka, simba, twiga, bata. Nikatoka humo jasho likinitiririka kama niliyefua mablanketi.

Ikafika ile saa kabla ya chakula ambapo watoto wanageuka upepo. Shangazi alikuwa ameshasema kaeni chini jamani, kaeni wanangu, mpaka koo limemkauka, akaenda zake ofisini. Nikaunganisha tableti na spika kubwa. Kadi ya kwanza, kaa. Mheshimiwa akaigusa kwa goti.

KAA!

Wakakaa. Wote! Chini, pu! Aliyekuwa juu ya meza akakaa juu ya meza. Mpishi akakaa kwenye ndoo. Kimya, mpaka nikasikia friji ikikoroma. Shangazi akatoka mbio akidhani watoto wameibwa. Akaniuliza nimewafanya nini.

Hapo ndipo pa kusema kwamba yule ni mnyama wa pwani na mimi sikukusudia lolote. Nikasema ni mbinu. Nikasema nimeitafakari kwa muda mrefu.

Akasema kumbe nina kichwa! Injinia naye alikuwa bado yuko chini. Aliposhtuka akainuka akijipangusa suruali, akadai alikuwa amechoka tu.

Nikafungua kadi ya paa. PAA! Wakanyoosha mikono, wakaruka chumba kizima kama ndege. Kisha kaa tena, na wakakaa. Shangazi akanibusu kipajini. Pazia langu, nakuja!

Alhamisi, 7 Agosti

Sikumfikiria paka. Injinia alimfikiria.

Saa ya uji. Kila mtoto na bakuli lake. Jamaa akapita kama hana hili wala lile, akagusa kadi.

PAKA!

Wakapaka. Kwa utii ulioje! Wakapaka meza, wakapaka ukuta, wakapakana. Mheshimiwa akampaka Mama Mkwe, na Mama Mkwe akamkosoa kwamba ameruka sikio. Shangazi aliingia na gauni jeusi, akatoka na la madoadoa. Nikamwambia ni somo la sanaa. Alisema tu, akiwa ameshatupa kisogo, kwamba kipaza sauti kinanifaa sana.

Injinia akapenyeza gemu mpya hapo hapo. Kupasua maputo. Lazima nikiri, ni nzuri. Unagusa puto, linapasuka, linakuja jingine. Hakuna maandishi, hakuna kushindwa, hakuna matangazo. Ameniibia mawazo yote! Watoto wakaiinamia tableti kama mafundi waliozunguka injini. Shangazi akaanza kutabasamu. Na mimi nikaanza kujiona Jumamosi, mbele ya wazazi, mdomo wazi, hakitoki kitu.

Ikafika saa ya kulala. Shangazi akasema haya, inatosha, leteni. Mheshimiwa akagoma. Maputo hayakuwa yameisha, sasa yeye aende wapi? Wakavutana, shangazi upande huu, Mheshimiwa upande ule, Injinia katikati akitafuta pa kuizimia, na maputo yanaendelea tu, pa, pa, pa! Mwisho shangazi aliibeba tableti mpaka kwenye godoro, na mtoto akining'inia.

Nikasogea. Nikapitisha kidole chini ya kwapa la Mheshimiwa, nikafungua kadi zangu. KAA! Akaachia. Akakaa. Akasinzia vile vile amekaa.

Shangazi akanitazama. Akasema, taratibu, kwamba kumbe gemu nzuri kwa mtoto ni ile anayokubali kuiacha. Sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo. Nikatikisa kichwa kama mtu ambaye hatimaye ameeleweka.

Ijumaa, 8 Agosti

NIMESHINDA! Meza yangu! Kona yangu! Injinia kipaza sauti!

Shangazi ameweka sharti. Nimrekodi upya paka, niseme vizuri, huyu ni paka. Nimemwambia sawa, shangazi. Lakini maneno matatu, na kabatini bado yuko yule mende. Nimemsogeza paka nyuma ya wanyama wote. Nani atafika huko?

Injinia anafanya mazoezi mbele ya kioo. Kioo hakijacheka bado.

Jumamosi, 9 Agosti

Nitaandika kwa mpangilio.

Nilikuwa nyuma ya pazia, tableti mapajani, soda pembeni. Raha mustarehe! Sebule imegeuzwa ukumbi, imejaa. Mgeni rasmi, tajiri mwenye kiwanda cha magodoro, suti nyeupe pe. Injinia akaanza: waheshimiwa wazazi! Mheshimiwa akadhani ameitwa. Akapanda jukwaani, mikono nyuma. Wenzake wakamfuata. Waliowaona mama zao wakalia, waliokosa kuwaona wakalia zaidi. Mgeni rasmi akasimama asikanyagwe. Injinia maneno yakamwishia, akaanza kuwahesabia wazazi moja mpaka kumi. Shangazi akanitupia jicho kupitia upenyo wa pazia. Nikabonyeza.

KAA!

Watoto wakakaa. Wazazi wakakaa. Mgeni rasmi akakaa pia, ila kiti chake kilikuwa kimeshasukumwa, kwa hiyo alikaa sakafuni. Kisha makofi! Mama mmoja akapaza sauti kwamba wake hajawahi kukaa tangu azaliwe, jamani, hiyo sauti ni ya nani? Na shangazi akafungua pazia. Akalifungua kabisa! Kama mtu anayefunua sufuria.

Wakataka niseme machache. Sikutembea kwenda mbele, nilisukumwa. Kipaza sauti mkono huu, tableti mkono ule. Macho, macho, macho. Ulimi ukaganda. Masikio yakawaka. Kidole kikatetemeka juu ya kioo cha tableti, kadi zikaanza kukimbia, simba, twiga, bata, mpaka mwisho kabisa.

PAKA!

Keki ilikuwa pale pale mezani. Kubwa, krimu ya buluu.

Watoto wakainuka. Hawakufanya fujo hata kidogo, walikuwa na nyuso za watu waliotumwa. Wakachota kwa viganja. Wakaangalia ukumbi mzima kutafuta kitu kizuri cha kupaka. Na pale sakafuni, kwenye kimo chao hasa, suti nyeupe.

Shangazi akafumba macho. Mgeni rasmi akajaribu kurudi nyuma kwa makalio. Nikamtafuta kaa kwenye kadi. Alikuwa mwanzo kabisa, mbali, mbali huko! Mheshimiwa akiwa mbele ya msafara, kiganja juu, krimu inamdondoka kiwikoni. Nikajua: wakimfikia, shangazi hana shule tena. Na kosa ni langu, mimi na yale maneno matatu niliyokwepa kuyarekodi.

Sijui kilichonipata. Hakukuwa na kabati. Hakukuwa na mende. Nikakiweka kipaza sauti mdomoni.

KAA!

Mimi! Mwenyewe! Papo hapo! Wakakaa, krimu mikononi, wananitazama. Mheshimiwa alikuwa ameshafika, akakaa kwenye paja la mgeni rasmi na kumpaka puani kidogo tu, kama anagonga muhuri. Mgeni rasmi akacheka mpaka akalala chali. Ukumbi mzima ukasimama kunipigia makofi. Wengine wakakaa tena haraka haraka, wakihofia wamekosea.

Hotuba yangu ya kwanza. Neno moja. Hakuna aliyelalamika kwamba ni fupi! Shangazi alinikumbatia huku akilia na kucheka. Injinia kanipa mkono, kasema ningemuua kwa kicheko kama asingekuwa na aibu. Nikamwambia atazoea.

Jumapili, 10 Agosti

Kichwa kimenivimba, na nina haki! Wazazi wamepiga simu tangu asubuhi. Mama Mkwe ameniambia nywele zangu zina nafuu.

Shangazi amenikalisha, akaniambia kwa upole kwamba sasa nimeona mwenyewe, sauti ninayo. Basi niitumie kwa sentensi nzima, mtoto aelewe anaambiwa nini, yasitokee tena ya jana. Injinia naye amejitolea kusikiliza kila ninachorekodi kabla hakijafika kwa watoto. Wivu huo! Nimewashukuru wote wawili, nikafunga mlango.

Maana nina kazi kubwa zaidi. Mgeni rasmi anafungua bustani ya watoto kuchezea wiki hii. Watoto wengi mno, spika kila pembe, na anataka seti mpya ya kadi yenye sauti yangu. Ameomba pia niende kusema machache. Nimekubali kadi. Kuhusu kwenda, siku hiyo nitakuwa na homa, nimeshaipanga.

Sentensi za nini? Siri ya ushindi wangu ni ufupi na ukali. Nimeingia kabatini, nimemaliza seti yote kabla ya chakula, na nimeshamtumia. Ya kwanza ni picha nzuri kuliko zote, waridi moja jekundu lenye umande. Nimelipigia kelele mpaka makoti yameanguka:

UA!