Somo la Sita Lilivyomfukuza Mshenga

Rasbura, Lindi
Machi 2006

Kwa Mwalimu Romana,
Darasa la Kiingereza cha Jioni,
Chumba cha nyuma, duka la kompyuta.

YAH: MADHARA YA SOMO LA SITA

Nakusalimu kwa heshima, Mwalimu, ingawa sina hakika kama kukutajia hali ya afya yangu bado kunaruhusiwa. Mimi ni Damiani, baba yake Getrude, yule mwanafunzi wako wa benchi la mbele. Nilimleta kwako ajifunze Kiingereza cha kuombea kazi hotelini. Wewe, katika Somo la Sita, ukamfundisha Kiingereza cha wezi wa mtandaoni: virusi, paswedi, praivesi, na namna ya kulinda taarifa binafsi. Kompyuta yenyewe hatuna. Malalamiko yangu ni haya:

1. Getrude hasalimiani tena na watu kama zamani. Ukimuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi, naye anakuuliza taarifa hizo utazitumia kwa kazi gani. Juzi alimjibu hivyo bibi yake.

2. Umemwambia kwamba ukoo wa mama ni siri, eti wezi huko Ulaya wanautumia kufungulia akaunti za watu. Mwalimu, huku kwetu ukoo wa mama unatajwa hata matangani, tena kwa sauti. Asiyeujua atajuaje kama mnaweza kuoana, au mnataniana tu? Serikali ilipobinafsisha viwanda tulinyamaza. Zikaja simu za kampuni, tukanyamaza. Sasa mmebinafsisha na ukoo.

3. Mama Getrude naye ameambukizwa. Kabati la sukari lina kufuli, na ufunguo anauita paswedi. Nakunywa chai bila sukari.

4. Hili ndilo linaloniuma hasa. Jumapili alikuja Mzee Benjamini, mshenga kutoka Miteja, kumposea Dismas, fundi baiskeli, kijana mpole. Dismas anampenda binti yangu na binti yangu anampenda. Mtaa mzima unajua. Binti akaitwa, mshenga akauliza kama desturi ilivyo: umri, ukoo wa mama, dhehebu, na kama aliwahi kuwa na mchumba. Getrude akamwomba kwanza kitambulisho. Kisha akamweleza kwa adabu kwamba hatoi taarifa zake kwa mtu asiyemfahamu, na kwamba maneno matamu ya mgeni ndiyo mtego wenyewe. Mzee wa watu aliiacha chai ikapoa, akachukua kofia yake akaondoka. Mke wangu alilia. Nami nililia, ila uani. Nilipomuuliza Getrude kama hamtaki tena Dismas, akasema anamtaka sana, lakini utaratibu ni utaratibu.

Kwa hiyo naomba ulifute Somo la Sita, na uandike barua Miteja kueleza kwamba binti hana kosa, kosa ni la Kiingereza. Mtu mwema hana cha kuficha. Miaka yote niliyokaa Rasbura mlango wangu uko wazi, na majirani wananijua kuanzia utosi hadi unyayo. Nimepungukiwa nini?

Wasalimie wanafunzi wote, hata wale wasiotaka majina yao yatajwe, na mwenye duka pia.

Ni mimi nisiye na siri,
Damiani, mtoto wa Petro na Stefania, mzaliwa wa Njinjo, Mkatoliki, nyumba ya tatu nyuma ya kisima.

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, habari zimefika kutoka Miteja, kwa wazazi wa Dismas. Mshenga alipokosa majibu kwetu alipita kwa jirani yetu Kibibi, akakaa huko hadi magharibi. Binti wamempenda, wanasema mwanamke anayejua kufunga mdomo ndiye wa kujenga naye nyumba. Mashaka yao ni juu ya baba yake. Posa itaendelea, ila watazungumza na mjomba wake, si mimi. Kibibi amewasimulia mambo yangu yote, pamoja na sababu iliyonifanya nihame Njinjo, ambayo mke wangu hakuwahi kuisikia. Tangu mchana amekaa mlangoni anasubiri nimweleze. Nimemwambia ni taarifa binafsi, tena kwa Kiingereza, hakuridhika. Je, darasani nafasi bado ipo? Naomba usiniandikishe kwa jina langu.